Tawi Lililokataa Kuungua

Jumanne ya kuamkia Jumatano ya Majivu, Mama Constance alipanga matawi ya mwaka jana kwenye karai, nyuma ya kanisa lao kambini Nakivale. Kila nyumba ya shirika, jumuiya yao ndogo ya sala, huleta lake limefungwa kipande cha kitenge, ili ajue, kwa tawi kuungua au kukataa, nani amejiandaa kwa Kwaresima na nani angali anasubiri kusukumwa. Vitenge vyote alivijua. Na wenyewe pia, au ndivyo alivyodhani.

Tawi la Grégoire, mwenyekiti wa shirika, aliliweka juu kabisa. Alitaka kuona. Mwaka jana mwenzao Vestine alikaa hospitali ya Ruharo miezi miwili akitibiwa macho. Huku nyuma Grégoire akapanda mahindi kwenye shamba la Vestine, akadai mwenyewe amemwachia. Vestine aliporudi kwa watoto wake watatu hakuwa na hata tuta moja. Grégoire alishavuna mara moja, na sasa alikuwa anapanda tena. Tawi la mtu kama huyo, Constance aliwaza, haliwezi kuungua hivihivi.

Akawasha kiberiti. La Grégoire likaungua kama karatasi.

Mengine yakafuata, ila moja. Asubuhi lilikuwa kavu. Sasa lilikuwa la kijani, maji yanadondoka nchani na kuzima makaa. Wanawake waliokuwa wakifagia kanisa walisogea.

“Mwaka huu ni moja tu,” alisema mmoja. “Mwaka juzi yalikuwaka mane. Ile ni ya nani?”

Constance alificha fundo kiganjani. Kitenge cha buluu, kuku wa njano. Sehemu iliyobaki alikuwa ameivaa kiunoni.

Ah, nini tena! Alijua. Karatasi ya Grégoire ya kuachiwa shamba ilihitaji shahidi, na kidole kilichochovywa wino kilikuwa chake. Grégoire alimpa ukingo wa chini wa shamba hilo apande maharage, na maharage yenyewe yalishaliwa zamani. Jumamosi kwenye kitubio alimtajia Padri hasira, umbea, na kusinzia wakati wa rozari. Padri alingoja kidogo zaidi ya kawaida. Constance hakuongeza.

Vestine alisimama na ufagio wake, macho yake yaliyopona yakitazama kiuno cha Constance, kisha mkono.

“Mama Constance, siku ile nilienda Ruharo ulikuwaka pale. Mimi nilimuachiaka Grégoire shamba?”

Aibu ilimpanda Constance mpaka masikioni. Neno moja tu, na watoto wale wangepata fasi ya kulima.

“Siku ile kulikuwaka watu mingi, mama,” alisema. “Sikusikia muzuri.”

Kesho yake Padri alimpaka majivu ya wenzake, yakashika vizuri. Yalishika kwa Grégoire pia.

Tawi alilirudisha ukutani nyuma ya msalaba. Lilidondosha maji siku zote arobaini. Alitega sufuria, akayapikia.

Jumapili ya Matawi wenzake walikwenda hadi Masha kukata mapya. Yeye hakujisumbua, lake lilikuwa bichi. Maandamano yalipita kando ya mahindi ya Grégoire, yaliyokuwa yamefika magotini. Vestine alikuwa mikono mitupu. Constance alivunja nusu ya tawi akampa. Vestine alipokea, akashukuru, kisha akamuuliza swali lilelile.

Constance akaimba Hosana kwa sauti ya juu zaidi.