Kahawa ya Kutafuna

Kokushubila alikuwa na miaka sita ya ndoa na hajamtia mama mkwe wake machoni. Ma Avelina alikwisha kumchagulia mwanawe binti wa huko huko kwao Kamachumu, Uhayani, mpole, wa nyumba yenye migomba mingi. Mwana huyo, Projestus, akashuka Dar es Salaam kutafuta kazi, akapata kazi na mke kwa mwaka mmoja, akafunga ndoa kabla barua ya kumwuliza mama yake haijavuka Ziwa. Tangu siku hiyo mama akanyamaza. Si salamu, si lawama.

Sasa, Jumatatu moja baada ya mavuno, ikaja barua ya mistari mitatu kwa mwandiko wa katekista. Ma Avelina yuko njiani, kwa meli kisha kwa gari moshi. Atafika Jumamosi. Anakuja kuona kama huyo mwanamke wa pwani anajua kukaribisha watu.

Kokushubila aliisoma akiwa amesimama, halafu akaketi akaisoma tena. Yeye naye ni Mhaya, lakini aliletwa pwani angali mgongoni, baba yake akiwa mtu wa reli, na sasa wazazi wote wawili wamehamishiwa Tabora. Kihaya chake kilikuwa cha kuombea maji. Hata hivyo jambo moja alilijua vizuri, maana mama yake alilishika kama sala: mgeni wa heshima akiingia, kabla ya maji, kabla ya chakula, anapewa kahawa. Si ya kunywa. Ni buni zenyewe na maganda yake, zilizochumwa bado hazijaiva, zikachemshwa na majani ya kunukia, zikaanikwa zikakauka, zikawekwa ndani ya kikapu kidogo chenye mfuniko. Mwenyeji anatafuna moja, mgeni anachukua yake, ndipo maneno yanaanza. Nyumba isiyo na kahawa ya kutafuna haijamkaribisha mtu, hata ikichinja ng'ombe. Na mgeni hawezi kukaribishwa kwa kahawa ya mkoba wake mwenyewe.

Kikapu kilikuwepo. Kahawa ndiyo haikuwepo.

Usiku ule mumewe alisema haina shida. Alikuwa karani wa ghala la Halliday na Wanawe kule bandarini, na kutwa kazi yake ilikuwa kuandika magunia, na magunia yenyewe yalikuwa ya nini kama si ya kahawa ya Bukoba? Kesho yake alirudi na uso mrefu. Kahawa ile imekwisha kukobolewa, alisema, nyeupe kama meno, haina ganda. Ukiitafuna utadhani unatafuna kokoto. Tena Kampuni haitoi konzi. Anayetaka kununua anunue tani. Mkubwa wake alimwuliza kama mama yake anakuja na meli yake mwenyewe.

Kwa hiyo Jumatano Kokushubila akavaa khanga mpya, akatoka kwake Temeke kwa miguu mpaka mjini, kwenye duka kubwa la Kampuni. Huko ndiko alikokuwa akinunua kila kitu, chumvi mpaka sindano, kwa sababu wake za makarani walikuwa na cheti cha kununulia humo, na cheti kilikuwa heshima. Alitazama rafu kwa subira, moja baada ya moja, mpaka macho yake yakatua kwenye kopo jekundu. Juu yake palichorwa tawi la mbuni lenye buni zimeshonana, na maneno yaliyosema hiyo ni kahawa safi ya Bukoba. Moyo ukamtulia. Mtu mwingine angejua kilichomo humo, lakini yeye alilelewa kujua kahawa ya Bukoba ni kitu cha kutafuna, na picha ilionyesha buni, na mchoraji alichora hata maganda. Akalibeba kopo mpaka Temeke amelikumbatia.

Alipolifungua uani, alikuta vumbi. Vumbi jeusi, laini, kama lililokombwa jikoni.

Jirani yake Mwanaasha, Mzaramo wa ua uleule, alikuwa akichambua mchele. Alichungulia ndani ya kopo, akanusa, akauliza taratibu nani amekufa hata akachomwa moto.

Alhamisi Kokushubila akarudi nalo mjini. Dirisha la kwanza wakamwambia kopo lililofunguliwa halirudi. Dirisha la pili wakamwuliza cheti, wakakisoma, wakamrudisha dirisha la kwanza. Mwisho karani mmoja mzee, aliyeona kwamba mwanamke huyu hapigi kelele wala haondoki, akamwinamia kwa huruma.

"Mama, kahawa yenu inapita hapa ikienda Ulaya," akasema. "Ikirudi ndiyo hii. Nyingine hatuna, na hatutakuwa nayo."

Njia nzima ya kurudi alikuwa akiwaza jambo moja. Kwao ni kwenye mibuni, mumewe anahesabu magunia ya kwao, na yeye hana hata konzi moja ya kumpa mama mkwe. Jumamosi ataitwa mwanamke asiyejua kukaribisha, na jina la namna hiyo, likishapanda meli kurudi Kamachumu, halifutiki.

Mwanaasha alimkuta kizingitini amejiinamia. Alipoelezwa hizo buni zenyewe zinafananaje, akaacha mzaha. Akasema mbona yule bibi wa Kihindi wa duka la pembeni, Rubabbai, kila saa anatafuna kitu kama mbuzi? Yeye siku zote alidhani ni karafuu. Lakini juzi alitema ganda, na lile ganda halikuwa la karafuu.

Duka la Rubabbai lilikuwa hatua arobaini kutoka mlangoni kwa Kokushubila. Lilikuwa chumba kimoja, mizani moja, debe la mafuta ya taa na bibi mjane nyuma ya kaunta. Kwa miaka miwili, tangu ahamie Temeke, Kokushubila alikuwa akipita mbele yake na bidhaa za Kampuni kikapuni, akitoa salamu na kuongeza mwendo. Hakuwahi kununua hata kiberiti. Siku ile hatua arobaini zilimchosha kuliko njia ya mjini.

Alimwamkia shikamoo, akaeleza haja yake akitazama mizani. Rubabbai alimsikiliza mpaka mwisho huku shavu lake moja likiwa limevimba kidogo.

"Miaka miwili," akasema bibi. "Unanipita na kikapu cha mjini umekipakata kama mtoto mchanga. Mie najiuliza, huyu binti nimemkosea nini?"

"Hukunikosea, bibi. Ni ujinga wangu."

"Basi leo umefika."

Akatema ganda kiganjani, akamwonyesha. Yeye alizaliwa Kamachumu, alisema. Baba yake alikuwa na duka pale, na yaya wake Mhaya alimfundisha kutafuna kahawa kabla hajaota meno yote. Alipoolewa pwani alilia vitu viwili, mama yake na kahawa. Mama amekwisha kufa. Kahawa bado anayo, kwa kuwa kaka yake Mohamedraza, aliyebaki na lile duka, humletea furushi kila mwaka kwa gari moshi. Akaingia ndani, akatoka na kifuko cha kitambaa cha marekani, na harufu ikamfikia Kokushubila kabla ya kile kifuko. Ilikuwa harufu ya mama yake.

Aliuliza bei. Rubabbai akamtazama kama mtu aliyetukanwa kidogo.

"Hii haikai kwenye mizani," akasema. "Hii ya wageni. Chumvi ndiyo nauza."

Jumamosi mchana Projestus alimleta mama yake kutoka stesheni. Ma Avelina alikuwa mwembamba, mrefu, kaniki yake haina kunyanzi hata baada ya safari ile yote. Aliketi mkekani, akatazama kuta, akatazama dari. Kokushubila akapiga magoti, akafunua kikapu, akatafuna moja, kisha akakitanguliza kwa mikono miwili.

Mkono wa mama mkwe ulisita juu ya kikapu. Akachukua buni moja, akainusa, akaitia kinywani. Alitafuna kwa muda mrefu hata Projestus akaanza kukohoa.

"Hii imechemshwa kwetu," akasema mwishowe. "Haya majani ni ya upande wetu. Nani amekupa?"

Projestus akamkonyeza mkewe. Ingekuwa rahisi kusema imeagizwa kutoka nyumbani, na nusu ingekuwa kweli. Lakini Kokushubila aliliona juma lake lote, ghala, kopo na madirisha, akaona hana nguvu ya kubeba na uongo juu yake. Akasimulia yote, hata vumbi, hata ile miaka miwili ya kupita bila kununua kiberiti. Alipomaliza hakuthubutu kuinua uso.

Ma Avelina akachukua buni ya pili.

"Aliyenitafutia kahawa mpaka akaikuta kwa Mhindi," akamwambia mwanawe, wala hakumtazama, "huyo amenitafuta mimi. Wewe ulikaa ghalani na magunia, ulinitafutia nini?"

Mama akaomba maji, akanywa, akala ndizi zote alizopakuliwa. Halafu akauliza huyo binti wa duka la Kamachumu anakaa wapi, maana duka lenyewe analijua, na baba mtu alikuwa akipunja khanga.

Jioni hiyo Kokushubila alikwenda kwa Rubabbai kununua sukari. Hakuna aliyemsikiliza. Rubabbai na Ma Avelina walikuwa wamekaa kwenye benchi moja, kila mmoja na shavu lake limevimba, wakisutana Kihaya juu ya urefu wa khanga za mwaka wa nzige, mmoja akitetea baba yake, mwingine akipima hewani kwa mikono. Kokushubila alisubiri. Alipoona hawana mwisho, akazunguka kaunta, akachukua mawe ya mizani, akajipimia mwenyewe.

"Zidisha kidogo," Rubabbai akamwambia bila kugeuka. "Una mgeni."