Siku Kumi na Nne za Lenora Pruitt

Saa saba mchana ndiyo saa ya wageni kuondoka. Ikifika, Orval Stebbins alivaa kizibao chake cha rangi ya chungwa, akachukua ndoo, sepetu na reki, akaenda kufuta watu. Kwanza alichota jivu kwenye shimo la moto. Halafu aliokota vizibo, mifupa ya kuku, soksi. Mwisho alipiga reki changarawe kuanzia ndani kuja barabarani, akirudi kinyumenyume, ili hata alama za viatu vyake zisibaki. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Mgeni aliyefuata angeweza kuapa kwamba hakuna mtu aliyewahi kulala pale.

Hifadhi ilikuwa kwenye pwani ya Oregon, na ilikuwa majira ya baridi, wakati ambao mvua haiji wala haiondoki, inaishi pale pale. Nafasi za kuweka trela na mahema zilikuwa hamsini na mbili. Mwezi wa Novemba zenye watu hazikuzidi tisa. Orval na mkewe Merna walikuwa wenyeji wa kambi. Mwenyeji wa kambi halipwi. Anasafisha vyoo, anauza kuni, anaelekeza wageni, na kwa hayo anapewa pa kuegesha trela yake, bomba la maji, na nguzo ya umeme. Wengi huifanya kazi hiyo kwa kupenda bahari. Orval na Merna waliifanya kwa sababu nyumba yao ilikwenda na ugonjwa wa Merna, na kwa sababu Merna hakuweza kulala bila mashine ya kumsaidia kupumua, na mashine ilitaka umeme. Trela yao ilikuwa na urefu wa hatua tisa. Orval aliizunguka kila asubuhi akikagua paa.

Lenora Pruitt alifika katikati ya Novemba na gari dogo la bluu, viti vya nyuma vimelazwa, godoro juu yake. Alikuwa na miaka sabini na mbili. Alikuwa amepika chakula cha shule miaka thelathini, na alizungumza na kila mtu kana kwamba yuko kwenye foleni na sahani mkononi. Alipewa nafasi ya ishirini na sita. Siku ya pili alibisha hodi kwenye trela ya wenyeji na sufuria ya supu ya kome. Kuanzia siku hiyo yeye na Merna walicheza karata kila alasiri, na Merna alishindwa kila alasiri.

Kwenye nguzo ya kila nafasi kulikuwa na kibanio cha kushika kikaratasi, na kwenye kikaratasi Orval aliandika tarehe ya kuondoka. Mgeni alikaa siku kumi na nne, si zaidi. Akizimaliza, alitakiwa awe nje ya hifadhi siku tatu, ndipo arudi. Sheria hiyo iliwekwa ili watu wasihamie. Wasio na pengine pa kwenda walizimaliza siku zao tatu maili mbili kusini, kwenye maegesho ya kutazamia nyangumi, juu ya jabali, ambapo hakuna mti hata mmoja na upepo unatoka baharini bila kupunguzwa na kitu.

Siku ya kumi na nne ilitangazwa dhoruba.

"Mzee Orval," Lenora alisema, "niongezee mbili tu. Hiyo ipite."

"Sheria ni kumi na nne, mama."

"Nafasi tupu ni ngapi?"

"Arobaini na tano."

"Basi kuna foleni ndefu sana nyuma yangu," alisema Lenora, akawasha gari.

Orval alipiga reki changarawe ya ishirini na sita. Siku ya tatu, kule jabalini, watu waliokuja kutazama nyangumi walimwona mwanamke ndani ya gari la bluu akitazama bahari pamoja nao, wakamsalimia, na baada ya saa nzima wakagundua kwamba hapepesi macho. Alikuwa amekufa usiku wa pili. Polisi wa wilaya walimchukua. Gari lilikokotwa.

Siku ya nne, saa kumi jioni, ambayo ndiyo saa ya wageni kuingia, gari la bluu lilikuja polepole kwenye njia ya kambi na kusimama mbele ya Orval. Lenora aliteremsha kioo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau na nywele zake zilikuwa na barafu kidogo.

"Siku tatu zimekwisha," alisema.

"Nilisikia umekufa."

"Ndiyo. Miguu ndiyo ilianza. Ishirini na sita ina mtu?"

"Haina."

"Nipe hiyo hiyo. Nimeizoea."

Orval alimwandikia kikaratasi. Aliona kwamba gari lilipoingia kwenye nafasi halikuacha alama kwenye changarawe, na hilo lilimpendeza, kwa sababu mgongo ulikuwa unamuuma.

Asubuhi alikuja Dahl, askari wa hifadhi, mwanamke mwenye haraka, na kitabu cha sheria ndani ya mfuko wa plastiki. Alisimama mvuani akakifunua.

"Mbwa anaruhusiwa akiwa na kamba," alisoma. "Farasi haruhusiwi. Aliyekufa hakutajwa."

"Kwa hiyo, afande?"

"Kwa hiyo ni mgeni kama wageni wengine. Kumi na nne."

Merna alifurahi. Karata zilirudi mezani. Mikono ya Lenora ilikuwa baridi mno hivi kwamba karata ziliganda zikishikana mbilimbili, na Merna akaanza kushinda.

"Kufa hakukukufaa, dada," alimwambia.

"Cheza wewe. Ungekuwa mpishi wangu ningekufukuza siku ya kwanza."

Siku kumi na nne zilikwisha. Lenora akatoka, akakaa kwenye jabali, akafa usiku wa pili, akarudi siku ya nne saa kumi jioni. Ikawa hivyo Desemba, ikawa hivyo Januari. Mara ya tatu Orval alimpelekea mablanketi mawili ya sufu. Alikufa ndani yake, akamrudishia yamekunjwa. Polisi wa wilaya walikuja mara ya kwanza na ya pili. Mara ya tatu afisa alisema kwamba wana kazi nyingi, na kwamba apigiwe simu siku Lenora atakayokosa kufa.

"Inauma?" Merna alimuuliza mara moja, akichanganya karata.

"Kila mara kama mara ya kwanza," alisema Lenora. "Nilidhani nitazoea. Gawa."

Usiku huo Merna hakuvaa barakoa ya mashine yake mapema. Aliketi kitandani akiishika mapajani.

"Hapa petu pana nafasi ya gari lake," alisema. "Aegeshe ubavuni petu siku tatu hizo. Tuseme ni mgeni wetu."

"Mwenyeji haruhusiwi mgeni."

"Orval. Mungu angekuambia anataka kuleta mvua siku arobaini, ungemwandikia kikaratasi cha kumi na nne."

"Na tukifukuzwa, wewe utapumua kwa kitu gani?" Orval alisema. "Kwa karata?"

Merna akavaa barakoa.

Lakini Februari, siku ya kumi na nne ilipofika, upepo ulikuwa umeangusha misonobari miwili na wageni wote waliobaki walikuwa wamekimbilia mjini. Lenora peke yake alikuwa ndani ya hifadhi nzima. Saa saba mchana Orval alikwenda ishirini na sita, akakitoa kikaratasi kwenye kibanio, akakitia mfukoni. Hakuandika kingine. Lenora alimtazama kupitia kioo, akazima injini.

Alasiri ile walicheza watatu. Merna alitengeneza mkate wa mahindi, na Lenora akaula, ingawa hakuuhitaji, akasema chumvi imezidi.

Dahl alikuja asubuhi. Aliona nguzo haina kikaratasi. Hakugomba. Alimwita Orval kando ya banda la kuni.

"Mzee, nina watu kumi na mmoja wanaoitaka kazi yako. Wote wana reki."

"Hifadhi ni tupu, afande."

"Naona. Andika kikaratasi kimoja. Cha ishirini na sita au cha kwako, chagua mwenyewe. Ukifuata sheria, nafasi yako sina neno nayo."

Orval alisimama pale muda wa kutosha mvua kujaa ndoo yake hadi nusu. Kutoka kwenye trela ilisikika mashine, kwa kuwa Merna siku hizo aliivaa hata mchana. Orval alitoa kalamu. Aliandika tarehe ya siku ile na namba ishirini na sita, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote.

Lenora alikipokea mkononi, hakusubiri kibanwe kwenye nguzo.

"Niliwapikia watoto mia tatu kwa siku," alisema. "Chakula kilichobaki tuliagizwa kukimwaga. Wako waliokuja kwa mara ya pili na sahani, nami nilimwaga huku wakiniona. Sikusema kitu. Nilikuwa na nyumba ya kulipia. Kwa hiyo usinieleze, mzee. Mimi najua."

Alikufa usiku wa pili. Aliporudi hakucheza karata tena. Merna alimpelekea supu na kukaa naye ndani ya gari, na akirudi kwenye trela alizungumza na Orval kuhusu gesi na maji tu.

Mwisho wa mwezi wa Machi jua lilitoka siku mbili mfululizo na wageni wakaanza kuweka nafasi za majira ya joto. Asubuhi moja Orval alikuta kikaratasi kwenye nguzo ya trela yake mwenyewe. Tarehe thelathini na moja, saa saba mchana. Alimfuata Dahl ofisini.

"Afande, ulisema nafasi yangu huna neno nayo."

"Sina. Ni msimu tu, mzee. Wenyeji wa majira ya joto wanakuja na trela mpya, wote wawili wazima. Ile yenu paa linavuja, wageni wanalalamika kuiona langoni. Ombeni tena Novemba."

Hata Orval asingesema tofauti akiwa na kile kitabu mkononi.

Siku hiyo aliyokikuta kikaratasi ilikuwa pia siku ya kumi na nne ya Lenora, na alikuwa amekwisha kutoka. Orval alichukua chupa ya kahawa, akaendesha pikapu hadi kwenye maegesho ya nyangumi. Mvua ilikuwa imerudi, nzito, ikija kwa ubavu. Lenora alikuwa hai, kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza. Alikuwa amevaa kofia aliyofumiwa na Merna.

Kando ya gari lake, upande wa bara, kulikuwa na mstatili mkavu juu ya lami. Mvua ilinyesha pande zake zote nne na kukoma mpakani kana kwamba imekatwa kwa mkasi. Lami ya ndani ilikuwa nyeupe kwa ukavu.

"Ukavu huu umeanza leo asubuhi," alisema Lenora, akipokea kahawa.

Orval aliingia ndani ya mstatili. Alianza kwenye mpaka mmoja na kwenda hadi mwingine kwa mwendo wake wa kila asubuhi. Zilikuwa hatua tisa, sawa na za trela yake. Alitafuta nguzo kwa macho, hakuiona, kwa sababu pale hapakuwa na nguzo. Pale hapakuwa na umeme.

"Mlango uelekezeni kwangu," Lenora alisema. "Nitakuwa namwona Merna."

"Ndiyo," alisema Orval.

Alitazama saa. Ilikuwa imekaribia saa saba. Alimwachia chupa, akarudi hifadhini, akavaa kizibao, akaenda ishirini na sita, akaanza kupiga reki changarawe ambayo haikuwa na alama yoyote, kuanzia ndani kuja barabarani.