Zipu Mpya, Mkia wa Zamani

...na kama ni mzuri hivyo kwa nini bei ya kutupa, hilo mshonaji hajanijibu, nimeuliza mara mbili na mara zote mbili ameniuliza kama nitakunywa chai, sasa yuko jikoni na simu yake, mimi nimesimama sebuleni kwake na mkia wa nguva umelala mikononi mwangu kama mtoto aliyesinzia, mzito, magamba ya kijani yamechorwa kwa mkono, si ya kubandika, hapo sina neno, kwa watoto wenye mahitaji maalumu ninaowachezea nguva kwenye bwawa la shule kila kinachobanduka kinaishia mdomoni, mshonaji huyu anaijua kazi, ila anajua na kuuza, na mtu anayejua vyote viwili mimi simwamini, "ndiyo, yupo hapa," anasema kwenye simu, "anaukagua... hapana, sijamwambia bado," hujaniambia nini, dada, nikohoe ajue nasikia au ninyamaze nisikie zaidi, ninyamaze, nigeuze mkia nijifanye naangalia pezi, na hapo ndipo naiona, zipu, ndefu, kutoka kiunoni hadi kwenye pezi, mpya kabisa, uzi mweusi wakati mkia mzima umeshonwa kwa kijani, mkia hauna zipu ya hivi, unaingia kwa juu unajivuta kama soksi, kwa hiyo hapa palikatwa, tena mkato umeenda upande, mkasi ulikuwa mbioni, nani anakata mkia wa nguva kwa haraka hivyo... mimi najua nani, mtu anayetaka miguu yake, ningekuwa na mkasi siku ile ningeukata wangu, lakini siku ile siitaki, nimekuja kununua, mwalimu mkuu alisema chagua wa bei nafuu lakini salama, akaniangalia alipofika kwenye neno salama, kwa nini aliniangalia, yule dada wa mazoezi ya viungo amemwambia kitu, angemwambia ningeitwa ofisini, au wananisubiri niseme mwenyewe, wamekaa kimya wananipima... Kipepeo alikuwa kwenye ngazi ya tatu ya bwawa, tunamwita Kipepeo kwa jinsi anavyopiga mikono akifurahi, ana miaka saba na hajawahi kutamka neno, kila Alhamisi hunipapasa magamba moja moja kutoka kiunoni kwenda chini, akiruka moja anaanza upya, nami natulia hadi amalize maana ndiyo salamu yake, Alhamisi ile alimaliza, nikasogea umbali wa hatua nne kuwapungia wenzake pezi wacheke, nilipogeuka ngazi ya tatu haikuwa na mtu, maji yametulia tu, na pale kina ni kifupi, mkia hausukumi, unaburuta, nikaona niuvue nikimbie, nikavuta, umenata, nikavuta tena, umenata, na nyumbani nilifanya mazoezi ya kuuvua, sekunde nne, nilijipima kwa saa, nikajisifu hata, ila nilijipimia kitandani, mimi mkavu na mkia mkavu, mwanamke mzima anajiita nguva halafu anasahau kulowa... dada wa viungo aliruka na viatu vyake akamtoa, Kipepeo akakohoa, akapiga mikono, watu wakacheka kwa nafuu, nami nikatabasamu hadi mwisho wa kipindi, kesho yake nikaenda kwa mwalimu mkuu nikasema mkia umechanika, nahitaji mwingine, na leo mlangoni nimemwambia mshonaji hivyo hivyo, haukuchanika popote, uko juu ya kabati langu mzima kabisa, na mama yake Kipepeo, hapa ndipo panaponiuma, alinishika mikono yote miwili akasema asante kwa kuwa karibu na mwanangu, nami nikaipokea ile asante, nikaila.

"Dada, kabla hujasema kitu," mshonaji amerudi, simu bado mkononi, "nilikuwa naongea na mwenye mkia. Msuli ulimkaza akiwa majini, akashindwa kuuvua, mwenzake akaukata na mkasi. Amesema nisiuuze bila kusema, na mimi nilikuwa natafuta pa kuanzia. Hiyo ndiyo sababu ya bei. Zipu nimeweka mimi, uzi wa kijani ulikuwa umeniishia." Basi, ni hilo tu, natafuta mtego, naambulia uzi ulioisha, mtu amesema kosa la mkia wake kwa mteja asiyemjua, kwa simu, na hasara juu, na mimi nimemshuku tangu mlangoni, nimemshuku mwalimu mkuu, nimemshuku hata dada aliyelowesha viatu vyake kwa ajili yangu, kumbe mwenye la kuficha sebuleni humu ni mmoja... zipu inafunguka kwa mvuto mmoja, navuta, narudisha, navuta, kosa la mkia huu ndilo ninalolihitaji, "una bafu hapa?" nauliza, "nataka nijaribu kuuvua nikiwa nimelowa."

"Wanaokuja wote wanataka kioo," anasema, "wewe unataka maji. Kwani ule wako wa zamani ulichanika vipi?"

Chai inachemka huko jikoni, anaisikia na haendi, mkia bado umelala mikononi mwangu, kusema mara moja ni mazoezi, mara ya pili ni kwa mama yake Kipepeo, tena kabla ya Alhamisi.

"Haukuchanika," nasema.