Alama ya Dole la Mama

Mfinyanzi alipoingia darasani na beseni la udongo kichwani, mvulana wa dawati la nyuma alimgeukia mjukuu wa mfinyanzi huyo.

"Kasuku, bibi yako kaja kutulisha udongo?"

"Kula tu, mjukuu wangu," mfinyanzi akamjibu kabla Kasuku hajafungua mdomo. "Ila kula huu mbichi. Ukishachomwa utakung'oa meno."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya upole, akapiga makofi wanyamaze. "Udongo uwahi ungali maji, watoto. Msikilizeni bibi." Ofisini alikuwa ameshamwambia mfinyanzi ukweli: siku ya wazazi ndiyo itakayoamua. Vyungu vikipendeza, mafundi wa mtaani wataendelea kufundisha. Visipopendeza, basi.

Nyumbani, binti wa mfinyanzi, yaani mama yake Kasuku, alikuwa kitandani, amebaki ngozi na mifupa. Siku moja Kasuku aliomba ruhusa, akaja na chungu chake kibichi kimeviringishwa kwenye kitambaa chenye maji. Akakiweka juu ya mto.

"Mama, weka kidole hapa. Tukikichoma hakifutiki tena."

"Utanichafulia shuka, wewe mtoto."

"Shuka nitafua mimi."

Mama akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Kilipotulia, akakandamiza dole gumba chini kidogo ya mdomo wa chungu. Dole lile lilikuwa na kovu la kisu, nalo kovu likajichora wazi kwenye udongo.

Juma halikwisha, akafariki. Kasuku, aliyebandikwa jina hilo kwa kupayuka, akanyamaza kabisa. Baada ya mazishi alimwambia mfinyanzi jambo moja tu.

"Bibi, chungu changu usikiguse."

"Sikigusi, mama. Haki ya Mungu."

Vyungu vilikuwa stoo ya shule, vimefunikwa nailoni visikauke. Kabla ya kuvianika na kuvichoma, mwalimu mkuu aliingia kuvitazama. Akashusha pumzi.

"Ni vizuri, bibi. Lakini hivi vidole kila mahali! Wageni watadhani vimekanyagwa na kuku."

"Vitapendeza, mwalimu. Niachie mimi."

Mfinyanzi akaketi sakafuni na kopo la maji, kitambaa na jiwe lake laini. Kwanza alikitafuta chungu cha Kasuku, akakiweka kando, karibu na mlango. Ndipo akaanza. Lowesha, sugua, zungusha. Mama yake alimlea akimwambia kwamba dole kwenye chungu ni sawa na unywele kwenye chakula, na kila alipoliacha alipigwa mwiko wa vidole. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, lakini mikono haikuhitaji macho. Ikafanya kazi yenyewe, akili ikaenda kwa marehemu binti yake, alivyokuwa msichana mkaidi aliyegoma kufinyanga. "Mimi na matope, mama, tumeachana kwa talaka." Mfinyanzi akacheka peke yake. Akalia. Akajifuta kwa mkono uleule wa matope, akavuta chungu kingine, na kingine, akijisogeza kwa makalio.

Alipoinua kichwa, mgongo wake ulikuwa umegusa mlango.

Akakipeleka chungu alichokishika kwenye mwanga. Akapapasa chini ya mdomo wake, kuzunguka pande zote. Laini kama yai.

Hakumwambia mtu. Alivianika, akavichoma, akachochea moto bila kuinua uso.

Siku ya wazazi vyungu vilimeremeta juu ya meza. Baba mmoja alisema hataki kuamini vimefinyangwa na watoto. Mwalimu mkuu akatangaza kwamba bibi ataendelea, na kwamba fundi seremala na msusi watafuata. Makofi yakapasua ukumbi.

Kasuku hakupiga makofi. Alikuwa amekijua chungu chake kwa mdomo wa ndege aliouchora kitakoni. Alikizungusha taratibu mikononi, kidole chake kikitembea chini ya ukingo. Akarudia.

"Bibi," akasema, "yuko wapi?"

Mbele, mwalimu mkuu alikuwa anawaita waje wapige picha.

Kasuku akalitia dole gumba mate, akalibandika pale pale, akakandamiza mpaka ukucha ukawa mweupe. Chungu kilikuwa kimeshaona moto.