Mkono wa Kujaribia Mafuta

Mafuta ya kunukia hayanunuliwi kwa kunusa chupa. Hilo alinifundisha Mama Dickson siku ya kwanza nilipoingia dukani kwake Masasi, na katika yote aliyoniambia, hilo bado naliamini.

Nilikuwa natafuta kichupa cha kujipaka siku ya kipaimara cha mjukuu wangu. Duka lake liko nyuma ya soko, limebanwa kati ya fundi cherehani na muuza mabomba ya maji. Kwenye rafu alikuwa amepanga chupa kubwa zilizotoka Dar es Salaam, na juu ya meza vichupa vidogo vyenye gololi mdomoni. Nikafungua kimoja cha waridi, nikanusa, nikasema hiki kinanitosha. Akanicheka.

"Shikamoo, baba. Hapo umenusa chupa, na chupa haitoki jasho. Lete mkono."

Akachovya kijiti cha kioo, akanipaka tone chini ya kiganja, pale mshipa unapodunda. Akaniambia nisisugue, nizunguke sokoni mafuta yapate joto la mwili, kisha nirudi. Niliporudi, aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akauinua hadi puani, akafumba macho.

Mimi ni mgane. Tangu nimzike mama yake binti yangu Agatha, watu walinishika mkono kwa kunisalimia tu, na salamu huisha upesi. Huyu hakuwa na haraka. Nilisimama pale kama mtu anayepimwa homa, nikiogopa hata kumeza mate.

"Umetoka kupuliza?" aliuliza.

"Asubuhi hii hii."

"Nimeisikia salfa. Imelishika waridi, imeligeuza." Akafumbua macho, na badala ya kuuachia mkono akatabasamu. "Njoo wiki ijayo tujaribu mengine, Baba... nani?"

"Baba Agatha. Selestini, wa Chiwata."

"Njoo, Baba Agatha. Na usijisugue sana bafuni, utachubuka bure."

Kwetu kila mwenye mikorosho anaijua salfa. Ni unga wa manjano tunaoupulizia maua alfajiri, wakati umande bado uko kwenye majani, ili ubwiri, ule ugonjwa wa unga mweupe, usiyaunguze. Unabeba mashine mgongoni, inanguruma, na wingu la manjano linakurudia usoni. Unga huo unaingia machoni, kichwani, kwenye mikunjo ya shingo. Ukioga unatoka, ukitoka jasho unarudi. Mimi nimepuliza tangu salfa ilipoanza kuletwa kwetu, na nadhani hata mifupa yangu ni ya manjano.

Nikarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Kila mara nilipanda bodaboda moja kwa moja kutoka shambani, maana alipenda, alisema, nije bila kujihangaisha. Alinipaka miski mkono wa kulia na asumini mkono wa kushoto. Tuliketi kwenye benchi lake tukingoja mafuta yatulie, nami nikimsimulia niliyosoma. Shule ya mchana sikuipata. Nilijifunza kusoma ukubwani, darasa la jioni, mimi na rafiki yangu Gasper tukigombania taa moja, na tangu hapo sijapitwa na gazeti lililofungiwa vitumbua bila kulisoma. Mama Dickson alinisikiliza. Hakunikatiza hata mara moja. Mkono wangu ulikuwa juu ya goti lake, na mara kwa mara aliinama akaunusa.

Mwenye macho yangu angeona nini? Niliona mwanamke mjane, mtu wa Newala, mpole, anayeniambia nije tena.

Nikaamua kumwoa. Nilipaka chokaa nyumba. Nilimwita seremala akatengeneza kiti cha pili cha barazani. Binti yangu Agatha alipokiona alijua.

"Baba, huyo mama anakuamkia shikamoo?"

"Ana adabu."

"Mtu anayekuamkia shikamoo leo, kesho atakuita mume wangu?"

"Nimeshamkataza."

"Ameacha?"

Nikamwambia akaangalie sufuria, inaungua. Haikuwa ikiungua.

Gasper yeye, nilipomwomba awe mshenga wangu, alicheka mpaka akashika mti. Naye ni mgane, na kwa desturi mshenga huwa mtu mwenye mke wake, lakini Chiwata nzima hakuna anayejua kupanga maneno kama Gasper.

"Nilisema mimi," alisema. "Huyu Selestini kila Jumatano ananukia kama bibi harusi wa Mikindani, lazima yuko mtu."

"Utakwenda au huendi?"

"Nitakwenda. Lakini nikifika niseme nini? Kwamba kuna mzee wetu hana meno ya nyuma?"

"Sema kuna mtu mwenye shamba lake na akili zake."

"La shamba nitasema," akajibu.

Tukapatana. Angekwenda mchana, amuulize kwanza mama mwenyewe kama mlango uko wazi, halafu twende kwa kaka yake Newala kwa heshima zote. Mimi, kama desturi inavyotaka, ningebaki nyumbani.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo mtu wa mikorosho hafanyi. Niliacha kupuliza. Maua yalikuwa yamefunguka shamba zima, ukungu wa asubuhi mzito, na mashine nikaifungia stoo. Nilijiambia: mwanamke atakayeulizwa kama anakubali kulala nyumba moja na mtu, asimkumbuke kwa harufu ya salfa. Wiki ile yote niliogea maji ya moto na ndimu. Nilijisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha. Agatha alipita shambani, akarudi akaniambia kuna vishada vimeanza kupata unga mweupe. Nikamwambia nitaona.

Siku yenyewe ilipofika nikashindwa kubaki nyumbani. Nilitaka Mama Dickson anione kwanza, safi, kabla Gasper hajafungua mdomo. Nikavaa shati jeupe, nikatangulia.

Nilimkuta na mteja mmoja, mwanamke wa makamo aliyeketi kwenye benchi langu.

"Shikamoo, Baba Agatha."

"Tulikubaliana nini kuhusu shikamoo?"

"Nimesahau, nisamehe. Lete mkono, leo nina udi nataka kuuhakikisha."

Nikakunja mkono wa shati. Kabla hajachovya kijiti aliinama akanusa ngozi tupu. Akanusa tena juu zaidi, karibu na kiwiko. Akakunja uso.

"Leo hunuki salfa."

Neno hilo ndilo nililolingoja wiki nzima. "Na hutaisikia tena," nikasema. "Nimeacha kupuliza. Nimejitakasa."

"Umeacha? Maua si ndiyo haya yametoka?"

"Nimeacha."

"Lo! Sasa nitajaribia kwa nani?"

Nilidhani ni utani, nikacheka. Yeye hakucheka. Aliuweka mkono wangu mezani taratibu, kama anavyorudisha kichupa ambacho mteja amekikataa.

"Ndiye huyu?" aliuliza yule mteja. "Yule mzee wa salfa uliyetuambia?"

"Ndiye mwenyewe, Paulina. Na leo ameniangusha." Kisha akanigeukia, na akanieleza bila kificho, kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi. "Mwaka jana nilipanda na mzigo Newala mpaka Kitangari. Wanawake wakawanunulia waume zao. Haukupita muda wakanirudishia vichupa mbele za watu, eti Mama Dickson ametuuzia mafuta yaliyochacha. Nilitukanwa, Baba Agatha, wee! Kumbe mafuta hayana kosa, ni salfa iliyo kwenye ngozi za waume zao. Nikaapa mwaka huu sipandi na kitu mpaka nimekijaribu kwenye ngozi iliyoshiba salfa. Ndipo ukaingia wewe."

Alisema hayo kwa upendo kabisa, na upendo huo ndio ulionimaliza.

"Ngozi yako ni kiboko," akaendelea. "Waridi limekufa kwako. Miski imekufa. Asumini ndiyo usiseme, ilinuka kama yai viza. Udi huu peke yake ulisimama, na leo nilitaka niupime mara ya mwisho. Wewe umekuja umetakata kama mtoto wa kipaimara!"

Paulina alicheka. Hakuwa na ubaya, ilikuwa inachekesha. Mimi nilikuwa nikitazama benchi. Jumatano zile zote nikisimulia, nikidhani ninasikilizwa, mwenzangu alikuwa akingoja mafuta yatulie.

"Kwa nini hukuniambia?" niliuliza.

"Nilijua unajua. Mtu atapakwa miski kulia na asumini kushoto ili aende wapi?"

Wakati huo ndipo aliposimama mlangoni Gasper, amevaa koti la kanisani kwenye jua lile, kofia mkononi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba. Shikamoo."

"Marahaba, mama. Marahaba sana." Aliponiona alishtuka, maana sikutakiwa kuwepo, lakini Gasper akishaanza hotuba hasimami. Akakohoa. "Mama, sisi watu wa Chiwata tumetembea, jua kali, na mtu hatembei juani kama hana shida. Kuna mzee wetu mmoja..."

"Gasper anataka mafuta," nilisema.

Mdomo ukabaki wazi. Nikamtazama vile nilivyokuwa nikimtazama darasani zamani, mwalimu anapokuja na Gasper bado anapiga porojo.

"Mafuta?" akauliza.

"Mafuta ya kujipaka. Si ndiyo yaliyokuleta?"

"Ndiyo," akasema polepole. "Mafuta, mama. Ndiyo shida yenyewe."

"Hapo umefika. Lete mkono."

Gasper akautoa. Mama Dickson akainama, akanusa, na uso wake wote ukafunguka. "Salfa ya asubuhi hii!"

"Nilipuliza, nikanawa haraka haraka," Gasper akajitetea.

"Umefanya vizuri! Usingenawa kabisa." Akachovya kijiti, akampaka udi chini ya kiganja, akamketisha kwenye benchi pembeni ya Paulina. Kisha akanikumbuka. Akachukua kichupa kipya akakitia mkononi mwangu. "Chukua, Baba Agatha, zawadi. Umenisaidia sana, nisingekuacha hivi hivi."

Nikasema asante. Alipoinama tena juu ya mkono wa Gasper nikakirudisha kichupa mezani kati ya vingine. Hakuona.

Njiani Gasper aliniuliza imekuwaje. Ningeweza kumwambia. Lakini ningeanza vipi? Nilimwambia nimebadili nia. Nilisema nimemchunguza yule mwanamke, ni mtu wa mjini mno, hawezi maisha ya shamba.

"Wewe ndiye umemkataa?" aliuliza.

"Mimi."

"Basi sawa," akasema, na akaupeleka mkono wake puani.

Kesho yake nilitoa mashine stoo. Nilipita mti kwa mti, wingu la manjano likinirudia, lakini ubwiri ulikuwa umenitangulia. Vishada vilikuwa vyeupe kama vimemwagiwa unga wa muhogo, na vile vya mwanzo vilishaanza kuwa vyeusi. Ukivigusa vinapukutika. Agatha alisimama mpakani mwa shamba akanitazama. Kisha akaenda zake. Kiti cha pili amekihamishia jikoni, anakikalia akimenya muhogo.

Mama Dickson, nasikia, alipanda Newala na mzigo wa udi, ukaisha wote, Kitangari wakamwomba arudi. Ndiyo mafuta yaliyosimama kwangu. Sasa anatafuta ya pili.

Jumatano iliyopita Gasper alikuja kwangu jioni. Sikuhitaji kumwona, niliisikia harufu yake kutoka kona ya nyumba, mafuta ya ambari na salfa pamoja. Alikaa kwenye ngazi, akanyoosha miguu.

"Nikuulize neno, Selestini, bila kugombana. Yule mama wa Masasi. Wewe si umemwacha?"

"Nimemwacha."

"Maana naona kama... Sijui niseme vipi. Ananishika mkono, haachii. Nikimsimulia mambo anasikiliza mpaka mwisho. Umewahi kuona mtu ananisikiliza mimi mpaka mwisho? Na ameniambia nisiwe najisugua sana bafuni." Akacheka kwa aibu, mzee wa umri wangu. "Nimefikiri, mshenga akihitajika, nitamtuma nani kama si wewe?"

Neno la kumwambia nilikuwa nalo, na halikuwa refu. Lilifika mpaka ulimini. Lakini kulisema ni kusema pia kwamba sikumkataa mtu, na kwamba benchi lile lilikuwa langu kabla halijawa lake.

"Mikorosho yako umeimaliza?" nikamuuliza.

"Bado raundi moja. Nilifikiri niiache, nijitakase kidogo kabla ya..."

"Kapulize," nikasema. "Usiache."

Akanitazama, akangoja niongeze kitu. Akainuka, akanishukuru, akaenda, na harufu yake ilibaki barazani muda mrefu.