Nyuzi Zilizofungwa Hewani

Bibi Chansamone alizichemsha nyuzi nyeupe, akazianika, kisha akazipiga mafundo hadi zikawa vipete. Alivitia kwenye mfuko wa nailoni na kumwita bintiye, Phetsamai, aje kuuchukua chini ya ngazi.

"Mama, uzi hufungwa mkononi mwa mtu," alisema Phetsamai. "Hizi umefunga hewa."

"Mvisheni mtoto kama bangili. Baraka nimeshazisema humu ndani."

Msimcheke. Hakuna mtu pale kijijini aliyejua desturi ile kumshinda yeye. Mtoto akitimiza mwezi, wazee humfunga uzi kwenye kifundo cha mkono huku wakiziita roho zake zote thelathini na mbili zitulie mwilini, na mkubwa wa ukoo ndiye huanza. Wanawake wa nusu ya kijiji alikuwa amewafundisha yeye.

Lakini korona ilikuwa imepita hapo. Mumewe, Khamphan, alifia hospitali ambako hakuna ndugu aliyeruhusiwa kuvuka lango. Miaka mitatu baadaye watu walikuwa wamerudia arusi zao na kuchota wali wa kunata kwenye kikapu kimoja. Bibi alibaki na sabuni yake, akinawa hadi ngozi inachubuka, akila peke yake, na mtu akikohoa njiani moyo unamwenda mbio. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Majirani walidhani anaogopa kufa, nao walikosea. Jumanne moja wakati wa ugonjwa alikwenda sokoni kununua mboga, na Jumapili Khamphan akaanza kukohoa. Aliamini mikono yake ndiyo iliyomuua, na hakuwahi kumwambia mtu. Ndiyo maana kitukuu wake alitimiza mwezi katika nyumba ya ng'ambo ya ua, naye hajamgusa.

Asubuhi ile, akiwa mlangoni pake juu ya ngazi, alisikia dua zikisomwa kule. Halafu ikaja sauti ya rafiki yake Onkeo, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Chansamone, hivi vipete ulipima mguu wa tembo? Kimemdondoka mtoto."

Hakuna aliyecheka. Uzi wa roho ulikuwa sakafuni, na wazee wakatazamana. Mjukuu wake Latda, mama wa mtoto, aliinuka, akavuka ua na mwanawe kifuani na nyuzi mkononi, akaketi kwenye ngazi ya chini.

"Bibi, shuka umfunge."

"Mpe Onkeo."

"Bibi Onkeo ametoka kutwanga pilipili. Unataka mwanangu apofuke?"

"Siwezi, mwanangu." Aliificha mikono mgongoni. "Babu yako nilimletea mimi ugonjwa, kutoka sokoni. Kwa mikono hii. Sasa nimguse na huyu?"

Latda alimtazama kwa mshangao. "Nani kakwambia?"

"Nani aniambie? Siku nilizihesabu mwenyewe."

Latda alimweka mtoto vizuri kifuani. "Bibi, Babu alikuwa akitoka kwenda kurusha vyuma vya petanki."

"Serikali ilikataza michezo."

"Ndiyo maana walichezea nyuma ya tanuri la matofali. Wanne, kila jioni. Mmoja wao alikuwa anakohoa kabla ya Babu. Babu aliniambia nikikwambia haninunulii tena wali uliopikwa ndani ya mwanzi. Halafu akafa, nikaona vibaya kumsema marehemu. Labda ni soko, labda ni petanki, nani ajuaye? Ila sikujua kwamba umejibebesha peke yako."

"Aliniambia anakwenda kutazama nyavu."

"Ulimwona hata siku moja akirudi na samaki?"

Bibi alifikiri. Hakumwona hata na dagaa mmoja. Aliketi pale juu ya ngazi, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. "Mzee yule. Miaka mitatu najichubua ngozi, kumbe yeye alikuwa anarusha vyuma na wahuni wenzake."

Alishuka polepole. Hofu haikuwa imeondoka. Kwenye ngazi ya mwisho alisimama akasema, "Ngoja ninawe," na Latda akangoja. Kisha akachukua uzi mpya. Fundo lilimponyoka mara mbili, la tatu likashika kwenye kile kikono chenye joto, naye akaziita roho za mtoto moja moja, kwa sauti ndogo.

Latda alichukua uzi mwingine, akaushika mkono wa bibi yake. Bibi akauvuta kwa mazoea. Latda hakuuachia.

"Roho ya bibi yangu," alisema, kwa maneno aliyofundishwa na Bibi huyohuyo, "kama uko sokoni, rudi. Kama ungali umesimama kwenye lango la hospitali, Babu hayumo tena humo. Rudi nyumbani, wali umeiva."

Akafunga fundo. Bibi Chansamone alikuwa hajashikwa na mtu kwa miaka mitatu, na hata fundo lilipokwisha kufungwa, hakuuondoa mkono wake.