Bata Mzinga wa Doña Crispina

Wiki tatu nzima Doña Eduviges hakumwamini padri yeyote, na iliyomtia shaka hiyo ni televisheni. Katika tamthilia ya upelelezi iliyowafanya watu wote wa mji wa Santa Eufemia waache chakula kipoe, padri mmoja alisikiliza maungamo asubuhi, jioni akayauza kwa wauaji. Polisi walipombana akakaa kimya, anachezea rozari. Hao watunzi hawajui hata padri huvaa rangi gani wakati wa Kwaresima, lakini kila wakitafuta muuaji, wanajua pa kumpata.

Na Eduviges alikuwa na dhambi iliyomkaa rohoni. Miaka ishirini na miwili nyuma alimsingizia dada yake Amparo kwa mama yao, Amparo akafukuzwa, hakurudi tena. Alhamisi iliyofuata Eduviges angepasuliwa moyo hospitalini. Alitaka kuungama kabla ya kisu, ila hakutaka siri yake itangulie kufika sokoni.

Basi akamtega Padri Wenceslao, kijana aliyehamia majuzi. Bata mzinga wa jirani yake Crispina, aliyenoneshwa kwa ajili ya mchuzi wa mole wa harusi ya binti yake, alikuwa ametoweka. Jumamosi Eduviges alipiga magoti kwenye kitubio, akasema mwizi ni yeye. Uongo mtupu. Padri alimwambia akamrudishie mwenyewe mali yake na asali rozari moja. Eduviges akaenda nyumbani kutega sikio, aone kama habari itavuja.

Jumapili baada ya misa Crispina alimkabili padri mlangoni, manyoya mkononi.

"Haya nimeyaokota nyuma ya nyumba yako, Padri. Ijumaa ulisema humjui aliyemchukua bata wangu. Hebu sema tena."

Padri akayatazama yale manyoya.

"Siwezi kukujibu, mama."

"Mmesikia?" akasema Don Fermín, muuza tamale za unga wa mahindi. "Yule wa kwenye televisheni naye alianza hivihivi."

Karatasi ya kumshtaki kwa askofu ikaanza kuzunguka palepale. Kumi na wawili walishatia sahihi ilipomfikia Eduviges. Aibu ikampanda hadi masikioni. Alitega mtego kumnasa mnafiki, ukamnasa mtu mwema.

"Mwacheni," akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia kwenye kitubio kwamba nimemwiba. Sikumwiba, shoga. Nilikuwa namjaribu kama ana mdomo."

Crispina alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Nani anaungama wizi ambao hakuufanya? Niambie tu, Eduviges, alikuwa mtamu?"

Watu wakacheka, na hakikuwa kicheko cha heri.

"Padri, waambie," Eduviges akaomba. "Nakuruhusu. Waambie nilichokuambia."

Padri Wenceslao alimtazama kwa huruma, uso umemwiva, asitoe neno la kitubio hata kwa ruhusa yake. Watu wakakisoma kile kimya kama walivyofundishwa na televisheni, safari hii dhidi ya Eduviges. Crispina, jirani wa miaka arobaini, akauhamishia mkoba wake bega la pili na kusogea kando.

Eduviges alilia mbele yao wote, maana kuitwa mwizi kunauma. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akamshika padri mkono wa kanzu.

"Turudi ndani, Padri," akasema. "Sasa nina la kweli."